Sura ya Nne: Kisima Kinaponuka Mafuta

"Maji yakinuka mafuta ya taa, nikiyachemsha si yatafaa?"

Swali hili huulizwa kisimani, barazani na jikoni, na anayeuliza ana sababu yake. Tangu utotoni tumefundishwa kwamba maji yenye shaka huchemshwa. Kipindupindu kimetupa somo hilo, na ni somo la kweli. Lakini moto huua vijidudu, mafuta hauyawezi. Ukichemsha maji yaliyoingia petroli, sehemu ya mafuta hupanda na mvuke ukaivuta wewe na watoto waliokaa jikoni, na sehemu nyingine hubaki sufuriani. Dawa ya klorini nayo haifui dafu hapa.

Nyuma ya swali hilo kuna jingine zito zaidi: mafuta yameingiaje kisimani, yametoka kwa nani, na tutathibitisha vipi? Katika sura hii tutatembea kama wachunguzi. Tutaanzia kwenye tangi lililofukiwa, tupite kwenye udongo, tufike kwenye maji. Mahali petu pa mfano ni Kidichi, Unguja. Nieleze mapema kwamba sisemi pana tangi linalovuja Kidichi. Nimepachagua kwa sababu ardhi yake inafundisha vizuri, na kwa sababu kuipoteza ardhi kama ile itakuwa msiba.

## Kwa nini Kidichi

Ukitoka Mjini kwa njia ya kaskazini, ukifika Bububu ukakata kulia kuelekea shamba, barabara inapanda hadi Kidichi. Huko ndiko kwenye mikarafuu, midalasini, mikungumanga na mashamba ya viungo ambayo wageni huyatembelea kila siku. Huko ndiko Seyyid Said alikojenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe kutoka Uajemi, Binti Irich Mirza, mjukuu wa Shah. Hamamu ile imesimama hadi leo.

Wakulima wa Unguja wana majina yao ya udongo, na majina hayo yana elimu ndani yake. Kinongo ni udongo mwekundu, mzito, wenye kina, ambao mikarafuu huupenda. Ndio wa miinuko kama ya Kidichi. Kichanga ni udongo wa mchangamchanga unaopitisha maji upesi. Maweni ni ardhi ya mawe ya matumbawe, yenye matundu na mapango, iliyotanda zaidi upande wa mashariki na kusini. Kila udongo hupokea mafuta kwa namna yake. Kinongo huyachelewesha, kichanga huyaachia, na kwenye maweni mafuta hupita matunduni kama maji kwenye mfereji. Aliyeingia pango la Mangapwani na kuona maji matamu ndani ya mwamba anajua ninachosema.

Mvua inayonyesha miinukoni hunywewa na udongo, kisha hushuka polepole hadi kwenye tabaka ambalo kila tundu lake limejaa maji. Hayo ndiyo maji ya chini ya ardhi. Yakipata njia hutoka kama chemchemi, na Seyyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alijenga mabomba ya kuyafikisha Mji Mkongwe kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Mpaka sasa karibu maji yote tunayokunywa Unguja, ya kisima na ya mfereji, hutoka chini ya ardhi. Hatuna ziwa wala mto mkubwa. Na chini ya maji yetu matamu kuna maji ya bahari. Kisiwa kina kibuyu kimoja cha maji, na sote tunakinywea.

## Matangi yako wapi, na huvujaje

Tukisikia tangi la mafuta la chini ya ardhi, wengi wetu tunafikiria sheli tu, yaani kituo cha mafuta. Sheli ni kweli, lakini si peke yake. Mwezi Mei 2008 umeme wa Unguja ulikatika kwa takriban mwezi mzima. Tarehe 10 Desemba 2009 waya wa umeme wa chini ya bahari ukaharibika, na kisiwa kikakaa gizani tena hadi Machi 2010. Waliokuwepo wanakumbuka ngurumo za majenereta kila kona. Jenereta hunywa dizeli, na dizeli huhitaji mahali pa kuwekwa. Hoteli, hospitali, kiwanda, hata nyumba kubwa inaweza kuwa na tangi ambalo jirani halijui.

Tangi huvuja kwa sababu za kawaida kabisa:

- Kutu. Tangi la chuma la ukuta mmoja likikaa kwenye udongo wenye unyevu na chumvi huliwa kutoka nje, mahali ambapo hakuna jicho linalofika.
- Maungio ya mabomba. Mara nyingi tangi lenyewe ni zima, ila bomba linalopeleka mafuta kwenye pampu limelegea.
- Kujaza kupita kiasi. Gari la mafuta linamimina, mtu anazungumza na simu, mafuta yanafurika na kunywewa na ardhi.
- Tangi lililosahaulika. Biashara imefungwa, mwenyewe kahama, tangi limebaki na mafuta chini ya sakafu.

Wahenga walisema chururu si ndondondo, na ni kweli kwamba maji yanayobubujika si sawa na yanayodondoka. Kwa matangi, hata hivyo, ndondondo ndiyo ya kuogopwa. Mafuta yakibubujika, mtu ataona na kupiga kelele. Yakidondoka, hakuna anayejua. Tone moja kila sekunde hufikia lita nne na zaidi kwa siku, na kwa mwaka lita 1,500 hivi. Hiyo ni zaidi ya mapipa saba ya lita 200 yaliyomwagwa kimyakimya.

## Mafuta yakishaingia ardhini

Hebu tufuate tone moja. Likitoka kwenye tangi hushuka kwa uzito wake, na njiani hujigawa katika sura nne:

1. Yanayoshikwa na udongo. Kama sifongo iliyokamuliwa, udongo hubaki na mafuta yake hata baada ya uvujaji kukoma, na huyatoa kidogokidogo kwa miaka.
2. Yanayoelea. Petroli na dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo zikifika kwenye maji ya chini ya ardhi huelea juu yake, kama mafuta juu ya mchuzi.
3. Yaliyoyeyuka majini. Sehemu ndogo huingia ndani ya maji na kusafiri nayo. Haionekani kwa macho.
4. Mvuke. Petroli hugeuka hewa, hupanda kupitia nyufa na kuingia vyumbani na visimani.

Sura ya tatu kati ya hizo nne, ya mafuta yaliyoyeyuka, ndiyo inayotuumiza zaidi, kwa sababu ndani yake mna benzini. Katika kitabu hiki neno hilo ni jina la kemikali moja iliyomo ndani ya petroli. Benzini husababisha saratani ya damu kwa anayeipata kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni.

Tufanye hesabu. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Tuseme asilimia moja yake ni benzini, basi ni gramu 7.4. Kiasi hicho kikichanganyika majini kinatosha kufikisha kwenye kikomo lita 740,000, yaani ndoo 37,000 za lita 20. Nyumba inayotumia ndoo kumi kwa siku ingezimaliza ndoo hizo kwa miaka kumi. Ardhini mambo si sawasawa hivyo, maana udongo hushika sehemu na vijidudu hula sehemu, lakini hesabu inaonyesha kwa nini hatuwezi kusema "ni lita moja tu".

Pua nayo isitudanganye. Ladha na harufu ya benzini peke yake ndani ya maji hutambulika pale kiwango kilipokwisha kupita kikomo mara hamsini au zaidi. Maji yanaweza kuwa hayanuki na bado yakawa hayafai.

Kwa ufupi: mafuta yaliyovuja hayaishi pale yalipodondokea. Mengine hushikwa, mengine huelea, mengine huyeyuka, mengine hupaa, na mchunguzi anatakiwa ayatafute kote kunne.

## Hatua ya kwanza: vitabu kabla ya jembe

Mchunguzi mzuri haanzi kwa kuchimba. Huanza kwa kuuliza na kusoma. Tangi lilifukiwa mwaka gani? Ni la chuma? Hapa palikuwa na nini zamani? Wazee wa mtaa mara nyingi wanajua kuliko ramani.

Kisha hufungua daftari la mafuta. Kila siku mhudumu huzamisha ufito wa kupimia ndani ya tangi na kuandika kiasi kilichomo. Mfano: asubuhi mlikuwa na lita 12,000, likaja gari likaongeza 8,000, zikauzwa 9,500. Jioni zinatakiwa zibaki 10,500. Ufito unasema 10,380. Zimepungua 120.

Siku moja si ushahidi. Petroli hunywea ikipoa, na mkono wa mtu hukosea. Lakini ikipungua leo, kesho na mwezi mzima, bila siku hata moja kuzidi, kuna tundu au kuna mwizi. Kuvitenganisha ni rahisi: pima usiku baada ya kufunga, tia kufuli, pima tena alfajiri kabla ya kufungua. Tangi linalovuja halilali.

Kuna ishara nyingine. Ncha ya ufito hupakwa dawa maalumu inayobadilika rangi ikigusa maji. Maji yakizidi ndani ya tangi kila baada ya mvua, jua kwamba yanapoingilia maji ndipo panapoweza kutokea mafuta.

## Hatua ya pili: kuusoma udongo

Sasa tunachimba, kwa keekee ya udongo, chuma kirefu kinachozungushwa kwa mikono na kupanda na udongo wa kila kina. Tunachimba karibu na tangi, kando ya mabomba, na upande wa chini wa mteremko. Tunachimba pia mahali pa juu palipo safi, ili tupate sampuli ya kulinganisha. Sampuli ni kipande kidogo kinachochukuliwa kuwakilisha kizima.

Katika udongo wa kinongo kuna jambo la kuangaliwa kwa makini. Mita ya kwanza inapanda nyekundu. Ya pili nyekundu. Ya tatu, kama pana mafuta ya siku nyingi, wekundu unaweza kuanza kupotea. Udongo unakuwa wa kijivu, mara nyingine wa kijivu cha kijani, na harufu inapiga. Wekundu wa kinongo ni kutu, yaani madini ya chuma yaliyoshikana na oksijeni. Vijidudu vya udongo hula mafuta na humaliza oksijeni iliyopo. Ikiisha, huitafuta kwenye ile kutu, na rangi inakwenda nayo. Udongo uliopauka namna hiyo unasema kwamba mafuta yako hapa muda mrefu. Udongo wenye majimaji mengi nao hupauka, ndiyo maana rangi peke yake haitoshi kuhukumu.

Kwa hiyo kila kipande hutiwa kwenye mfuko usiopitisha hewa, nusu yake ikaachwa wazi, ukafungwa na kuachwa dakika chache upate joto. Kisha ncha ya kipima mvuke hupenyezwa ndani. Kifaa hiki hakitaji jina la kemikali, husema tu kama kuna mvuke mwingi au mchache. Kinatusaidia kuchagua sampuli za kupeleka maabara, kwa sababu vipimo vya maabara ni ghali.

## Hatua ya tatu: maji yanaelekea wapi

Kidichi iko juu, na ardhi inashuka kuelekea Bububu na bahari. Mtu atasema mafuta nayo yataelekea huko. Huenda, lakini maji ya chini hayafuati kila mara sura ya juu. Ili kujua, tunahitaji visima visivyopungua vitatu ambavyo havikukaa kwenye mstari mmoja.

Hapa wengi hukosea. Hupima kina kutoka mdomo wa kisima na kulinganisha, wakasahau kwamba midomo yenyewe haiko sawa. Chukua mfano. Kisima A mdomo wake uko mita 90 juu ya bahari na maji yako mita 20 chini yake; kwa hiyo maji yako mita 70 juu ya bahari. Kisima B mdomo uko mita 78, maji mita 12 chini. Maji yako mita 66. Kisima C mdomo uko mita 84, maji mita 15 chini. Maji yako mita 69. Ukiangalia kina tu, utadhani maji ya A ndiyo ya chini zaidi, kumbe ndiyo ya juu. Yanatoka upande wa A kwenda B, na mwenye kisima B ndiye wa kuambiwa kwanza.

Visima hupimwa wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Masika maji hupanda na kuyainua mafuta yanayoelea. Kiangazi hushuka na kuyapaka kwenye udongo mpya. Aliyepima mara moja ameona picha moja tu.

## Hatua ya nne: maabara na uaminifu

Sampuli ya maji hutiwa kwenye chupa ya kioo hadi pomoni bila kiputo cha hewa, kwa sababu benzini hukimbilia penye hewa. Hufunikwa, huwekwa kwenye boksi la barafu, na kila anayeipokea huandika jina na saa. Pamoja na sampuli husafiri chupa moja ya maji safi iliyofungwa. Chupa hiyo ikionekana ina petroli, basi sampuli zilichafuka njiani, labda kwa dumu lililokuwa nyuma ya gari, na kazi inarudiwa.

Zanzibar tunayo Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mbali na benzini na ndugu zake, sheli iliyofanya kazi kabla ya 2006 ipimwe na risasi pia, kwa kuwa ni Januari mwaka huo ambapo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi. Risasi haiozi wala hailiwi na vijidudu.

## Waliochelewa kujua

Mwezi Mei 2015, huko Thange, Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni nchini Kenya, mafuta yalivuja kutoka bomba la chini ya ardhi la Mombasa–Nairobi, bomba la tangu 1978. Yaliingia mtoni, mashambani na kwenye maji ya watu. Wakulima walioishi kwa mto ule walipoteza mazao, mifugo na afya. Mwaka 2025, miaka kumi baadaye, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru Kampuni ya Bomba la Mafuta ya Kenya ilipe takriban shilingi bilioni 3.8 za Kenya. Miaka kumi ni umri wa mtoto kuzaliwa na kufika darasa la nne.

Mfano wa pili ni wa kisiwa kama chetu. Huko Red Hill, Hawaii, Jeshi la Wanamaji la Marekani lilikuwa na matangi 20 ndani ya mlima, yaliyojengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kila moja likibeba zaidi ya lita milioni 47. Yalikaa mita 30 hivi juu ya maji ya kunywa ya kisiwa. Novemba 2021 mafuta ya ndege yalimwagika na kuingia kwenye mtandao wa maji unaohudumia watu wapatao 93,000. Akina mama waliyasikia kwa harufu ya mfereji. Machi 2022 serikali iliamuru matangi yafungwe moja kwa moja. Nchi tajiri, yenye maabara za kila aina, ilifikiwa na habari kupitia pua za wananchi.

## Je, hupona?

Hupona, kwa gharama na subira. Kwanza huzibwa chanzo: tangi hutolewa mafuta na kung'olewa. Mafuta yanayoelea hufyonzwa. Udongo uliolowa hufukuliwa, hupangwa kwa marundo juu ya turubai, hutiwa mbolea na kugeuzwa ili upate hewa, na vijidudu vilevile vilivyopausha kinongo humalizia kazi. Ulio chini sana hufyonzwa mvuke kwa mabomba. Kisha visima hupimwa tena na tena hadi matokeo yatulie. Gharama hiyo ni halali ya mwenye tangi, si ya mwenye kisima.

## Ufanye nini

- Ukisikia harufu ya mafuta kisimani, acha kunywa, kupikia na kuoga maji hayo mara moja.
- Usishuke kisimani na usimwache mtu ashuke. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; hulala chini, huzimisha mtu, na cheche moja huulipua.
- Mwarifu sheha siku hiyohiyo, na uandike tarehe, saa na ulichokiona.
- Taarifa ifike kwenye mamlaka zetu: ZAWA kwa maji, ZEMA kwa mazingira, na ZURA, ambayo wengi tunaijua kwa kutangaza bei ya mafuta, kwa kuwa ndiyo inayosimamia vituo.
- Ukiwa na tangi, lijue umri, pima kila siku, na usifiche upungufu.
- Ukitaka kuchimba kisima, tembea kwanza mtaa mzima uulize: nani ana tangi, na liko upande gani wa mteremko?

Sheria na mamlaka tunazo. Tulichopungukiwa ni mazoea ya kupima kabla ya kunusa. Mhudumu wa sheli mwenye ufito na daftari safi anaweza kuokoa maji ya shehia nzima, na mama mwenye kisima anaweza kuwa shahidi wa kwanza. Wote wawili wasikilizwe.

Na lile swali la mwanzo jibu lake lilindwe kila nyumba: maji yanayonuka mafuta hayachemshwi. Funika kisima, wazuie watoto, kamwite sheha.